Swali la binti wa Kidato cha Nne

Wadau, nimerudi kutoka TP. Niko mzima, boom ndo limeisha.

Kuna kitu kinanisumbua. Nilikuwa nafundisha nyuklia, binti mmoja akauliza: "Mwalimu, mtu anafanyaje mpaka apate kazi kwenye maabara za hivyo?" Nikacheka, nikamwambia hizo si za kwetu, tuendelee. Darasa zima likacheka. Hakuuliza tena mpaka naondoka.

Juzi nimesoma habari za Fabiola Gianotti, Mwitaliano. Sekondari alisoma Kigiriki na Kilatini, na piano juu! Mwaka 1994 akaingia CERN, kule Geneva, kama mtafiti mchanga wa mkataba. 2009 akaongoza jaribio la ATLAS, watafiti kama 3,000, na Julai 4, 2012 akasimama kutangaza chembe ya Higgs. 2016 hadi 2025 akaiongoza CERN yenyewe.

Halafu kumbe waajiriwa wengi pale ni mainjinia na mafundi. Kila kiangazi wanachukua pia wanafunzi wa vyuo, hata wa nchi zisizo wanachama.

Mtihani wao ni Novemba. Barua nimeandika, kesho naipeleka posta, aipate kupitia mwalimu wake wa darasa.