4321: Hesabu ya Mlima Elgon

Mkazi wa Cheptais, Kaunti ya Bungoma, ainuapo macho huuona Mlima Elgon, ambao kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kilichoko upande wa Uganda, kina kimo cha mita 4321. Aghalabu idadi hii hukaririwa katika jiografia, kisha husahaulika. Hata hivyo, ina siri yake.

Tarakimu zake hushuka moja moja. Hupatikana kwa kuzidisha 29 kwa 149, ambazo zote mbili ni namba tasa. Zigeuze tarakimu hizo, upate 1234. Itoe katika 4321, hubaki 3087. Panga tarakimu za jibu kutoka kubwa hadi ndogo, kisha kinyume chake, utoe tena: 8730 toa 0378 ni 8352. Rudia: 8532 toa 2358 ni 6174. Hapo safari hukoma, maana 7641 toa 1467 ni 6174 vilevile. Idadi yoyote ya tarakimu nne, mradi zisiwe zote sawa, huishia hapo kwa hatua zisizozidi saba. Aliyegundua jambo hili mwaka 1949 ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule nchini India.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya methali na mashairi tu. Mtoto wa Cheptais, anayefundishwa hisabati kwa Kiingereza, huenda akasadiki. Ilhali safari hii nzima imehitaji kutoa, kupanga na kurudia, wala Kiswahili hakikupungukiwa. Nchini Tanzania, shule za msingi zimefundisha hisabati kwa lugha hii tangu 1967. Kinachokosekana kwetu ni mazoea, si maneno.