Maktaba Niliyoipanga Peke Yangu

Kila mwaka, wanachuo wa mwaka wa mwisho wanapokaribia kuagwa, hakosi mmoja anayenijia ofisini na swali hili: "Mwalimu, nikifika shuleni nikakuta mambo yanaendeshwa kwa njia za kizamani, nianze na lipi katika kuyarekebisha?" Ni swali jema, maana mwalimu asiyetaka kurekebisha kitu hafai kupelekwa popote. Hata hivyo sina jibu fupi la kumpa. Badala yake humsimulia jinsi nilivyoiharibu maktaba ya chuo chetu kwa kuitengeneza. Nia ya makala haya ni kuwasimulia na wengine.

Nilipoletwa chuoni hapa nilikuwa na stashahada mpya mkononi na hamu kubwa ya kazi. Pamoja na vipindi vyangu, mkuu wa chuo alinikabidhi usimamizi wa maktaba. Humo nilimkuta mzee mmoja, mhudumu wa maktaba, aliyekuwa amefanya kazi chuoni kwa miaka mingi kuliko mkufunzi yeyote. Elimu yake ya ukutubi ilikuwa mafunzo ya majuma machache tu. Vitabu alivipanga kwa namna iliyonikera tangu siku ya kwanza. Kitabu cha hisabati kilikaa ubavuni mwa kitabu cha mbinu za kufundisha hisabati. Karibu yake mafungu ya karatasi zilizofungwa kwa kamba ya katani. Na juu ya karatasi hizo, chati zilizochakaa za sehemu na maumbo. Niliona fujo, wala sikumuuliza maana yake.

Mimi nilikuwa nimefundishwa mpango wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutangaza mwaka 1876. Mpango huo huyagawa maarifa yote katika mafungu makuu kumi, kuanzia 000 hadi 900, na kila fungu hugawanyika tena na tena. Elimu ni 370, na elimu ya msingi ni 372. Hisabati ni 510. Ni mpango mzuri, na maktaba nyingi duniani huutumia. Kosa langu halikuwa kuuchagua.

Likizo ndefu ilipofika, mzee akaenda kwao kupumzika. Nikajifungia maktabani kwa majuma matatu, na gundi, vibandiko na kitabu cha namba. Wakati ule nilijiambia kwamba namwondolea mzee kazi nzito. Ukweli ni kwamba niliogopa kuulizwa maswali, na nilipenda akirudi akute mambo yamekwisha. Kila kitabu kikapata namba yake. Yale mafungu ya karatasi hayakuwa na namba katika kitabu changu, basi niliyatia katika magunia nikayaweka sakafuni, katika ghala la zana za bustani.

Mzee aliporudi alisimama mlangoni kwa muda. Kisha akapita taratibu kati ya rafu, mikono nyuma. "Umefanya kazi kubwa, Mwalimu," akasema. Hakuongeza neno. Nami kwa ujinga wangu nikadhani nimesifiwa.

Muhula ulianza, na baada ya majuma machache wanachuo wakaanza kujiandaa kwa mazoezi ya kufundisha. Hapo ndipo mambo yaliponidhihirikia. Mwanachuo mmoja alikuja kutafuta vitabu vya somo la sehemu kwa Darasa la Nne. Kitabu cha hisabati kilikuwa 510, mwisho wa chumba upande wa dirisha. Kitabu cha mbinu kilikuwa 372.7, upande wa mlango. Alikipata kimoja, akakikosa cha pili. Akamwendea mzee. Mzee akamjibu kwa upole, "Muulize mwalimu wako, mwanangu. Mimi rafu hizi sizijui tena." Wanachuo wengine nao wakajibiwa vivyo hivyo. Nilipofungua daftari la kuazimia, ambalo muhula kama huo lilikuwa likijaa kurasa nyingi, nilikuta wiki nzima imeandikwa katika ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe haukujaa.

Nikamwendea mzee ofisini kwake, yaani kwenye meza yake ya mbao karibu na mlango.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kukuuliza swali nililopaswa kukuuliza kabla ya likizo. Kwa nini ulikuwa ukivipanga vile?"

Alinitazama, akavuta kiti. "Mwanafunzi haji hapa kutafuta namba," akasema. "Anakuja kwa sababu kesho saa mbili ana kipindi. Nampa kitabu cha somo, nampa cha kumwelekeza namna ya kulifundisha, kisha nampa maandalio ya wenzake waliotangulia, aone walikosea wapi. Anakaa pale, anaandika. Ndiyo kazi yangu." Kisha akauliza, "Yale maandalio umeyaweka wapi?"

Tulikwenda ghalani pamoja. Magunia yalikuwepo, lakini mchwa walikuwa wameyaingia kutoka chini. Maandalio ya masomo ya miaka mingi, yenye masahihisho ya wakufunzi kwa wino mwekundu, ambayo mzee aliyakusanya kila mwisho wa mazoezi bila kuagizwa na mtu, yalikuwa udongo na vipande. Mzee aliinua kipande kimoja, akakisoma, akakirudisha. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Baadaye, katika kusoma, nilikutana na habari za kiwanda cha nguo za kulalia cha Harwood, mjini Marion, katika jimbo la Virginia, Marekani. Lester Coch na John French waliitoa habari hiyo mwaka 1948. Kiwanda kilipotaka kubadili namna ya kazi, kundi moja la wafanyakazi liliambiwa tu kwamba kazi imebadilika, likaelezwa sababu. Kundi jingine lilichagua wajumbe wa kusaidia kupanga badiliko. Katika makundi mengine mawili, kila mfanyakazi alishiriki. Katika kundi la kwanza, siku 40 hazikwisha kabla ya watu 17 katika kila 100 kuacha kazi, na waliobaki hawakuirudia kasi yao ya zamani. Makundi yaliyoshirikishwa kikamilifu yaliirudia kasi upesi, hatimaye yakaipita kwa kiasi cha asilimia 14. Kiwanda si chuo, na makundi hayo yalikuwa madogo. Hatuwezi kukifanya kisa hicho sheria. Lakini nilimwona mzee wangu katika lile kundi la kwanza.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba sikuhitaji kufika Virginia ili nilijue jambo hilo. Mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu shule inayomfanya mwanafunzi aamini kwamba maarifa ya maana hupatikana vitabuni na kwa wasomi peke yao. Somo hilo nililifundisha darasani, kipindi baada ya kipindi, huku maarifa ya mtu asiye na cheti nikiyatia katika magunia.

Tulianza upya. Mkuu wa chuo alikubali tuunde kamati ndogo: mzee, wakufunzi wawili, na mwanachuo mmoja kutoka kila mkondo. Mikutano yake haikuwa mitamu. Mimi nilitarajia mzee atataka namba zote zibanduliwe. Kumbe alizitaka, kwa kuwa kila mwaka wakati wa kuhesabu mali hakuweza kujua upesi ni kitabu kipi kimepotea. Nao wanachuo walisema jambo ambalo mzee hakulipenda: kwamba vitabu vilivyo bora alivifungia kabatini kwa kuogopa wizi, hata vingine havikupata kusomwa. Alikataa kwa mikutano miwili. Katika wa tatu, mwanachuo mmoja akajitolea kukaa zamu mlangoni na wenzake saa za jioni, na mzee akatoa ufunguo.

Basi namba zilibaki. Lakini karibu na meza ya mzee tuliweka rafu moja tukaiita Rafu ya Mazoezi. Humo, majuma manne kabla ya mazoezi ya kufundisha, vitabu vya somo na vya mbinu huwekwa pamoja, kila somo mahali pake, na baadaye hurudishwa penye namba zao. Kwanza tulijaribu kwa hisabati peke yake, tukatazama daftari la kuazimia, ndipo tukaongeza masomo mengine. Mzee alistaafu mwaka uliofuata. Rafu ile ingalipo.

Ndugu mwalimu mwanafunzi, utakapofika shuleni utakuta mengi ya kurekebisha: namna ya kugawa vitabu, ratiba ya usafi, mahali zana zinapowekwa. Mengine kweli ni mabovu. Kabla hujayagusa, mtafute anayeifanya kazi hiyo kila siku, hata akiwa mlinzi au kiranja wa darasa, umwulize kwa nini inafanywa hivyo. Sikiliza mpaka mwisho. Jaribu kwanza mahali padogo panaporudika nyuma. Wekeni siku ya kukaa pamoja kutazama yaliyotokea. Na usitupe usichokijua kazi yake.

Katika mazoezi yenu yajayo, kila mmoja achague desturi moja ya shule inayoonekana kwake kuwa mbaya, awaulize watu watatu wanaoitekeleza, aandike sababu zao kabla ya kuandika maoni yake. Mkirudi tutayasoma pamoja darasani, kisha tutayaweka katika Rafu ya Mazoezi, pamoja na maandalio yenu ya masomo. Tumeanza kuyakusanya tena. Kwa sasa hayajajaza hata jalada la tatu.