Migomba ya Kiringye: Barua kwa Shangazi

Shangazi mpendwa,

Nimefika salama. Boti la mizigo lilituteremsha Kalundu, bandari ya Uvira, na kutoka pale nikapanda gari la kwenda kaskazini kwa barabara ya Bukavu, milima ikiwa kushoto, bonde la Ruzizi kulia, na ng'ambo ya mto vilima vya Burundi. Mto huu unatoka Ziwa Kivu, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, unateremka hadi Tanganyika kwenye mita 770 hivi, kwa hiyo hapa Kiringye, kijijini nilikofikia, kuna joto ambalo kwetu Muleba hatulijui. Muhogo umeanikwa kando ya lami, mpunga uko kwenye mifereji, na kila ua una migomba yake.

Najua wewe hutaki habari za joto. Unataka za migomba, na safari hii ninazo.

Mwenyeji wangu ni mama mtu mzima, mpika kasiksi. Kasiksi ni ndugu ya rubisi yetu: ndizi zinaivishwa shimoni, zinakamuliwa kwa nyasi, maji yake yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa yachachuke. Kwa kasiksi hiyo analipa minervali, yaani karo, ya wajukuu wawili walio sekondari. Basi asubuhi moja lori lilikuja kupakia muhogo kwa jirani, dereva akarudi nyuma bila utingo wa kumwelekeza, matairi ya nyuma yakaingia kwenye migomba ya Mama. Mashina yalilala chini, mengine yakakatika kiunoni, na tope la Machi likakandamizwa hadi likawa gumu kama sakafu. Dereva alishuka, akaomba radhi kwa mikono miwili. Malipo yalizungumzwa mbele ya chifu wa kijiji na yakaisha siku ileile.

Mimi nilisimama nikihesabu hasara. Mama aliinama, akashika shina moja lililokatika, akasema, "Haiyakufa. Mizizi iko." Kisha akaenda kutafuta panga.

Shangazi, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mgomba tunaouona si mti wala si shina, ni maganda ya majani yaliyofumbatana. Shina la kweli liko ardhini, na moyo wa kukua umekaa chini karibu na udongo mpaka mgomba unapokaribia kuzaa. Hapa nililiona jambo hilo kwa macho. Mama alichagua mgomba mchanga ambao haukuwa umeanza kubeba mkungu, akaukata kimo cha goti, pale chini ya mchaniko. Alipomaliza kuzunguka ua nikarudi kuutazama: katikati ya kile kisiki, jani jeupe lililojikunja lilikuwa limeshapanda juu ya mkato kiasi cha upana wa kidole. Jioni lilikuwa limefika urefu wa kiganja na ncha yake imeanza ukijani. Maganda ya nje yalibaki palepale yalipokatwa. Moyo peke yake ndio uliokuwa ukisukuma.

Iliyokuwa imebeba mikungu ni habari nyingine. Ikishatoa ua, moyo umekwisha kupanda hadi juu, na shina likivunjika basi hilo limemaliza kazi yake. Ndizi zilizokuwa zimejaa robo tatu alizichukua kwa kupika, zilizo changa wakala mbuzi. Mashina hayo aliyakata chini kabisa, akayapasua vipande virefu na kuvitawanya juani vikauke. Nilimuuliza kwa nini asiyaache yaoze yawe mbolea. Akanionyesha tundu kwenye kisiki cha zamani. Fukuzi wa migomba hupenda shina linalooza penye unyevu, hutaga humo, na mabuu yake huingia kwenye shina la chini na kulitoboa. Kilichovunjwa na lori kitaota tena, ila kilicholiwa na fukuzi kutoka ndani huanguka siku ya upepo, mkungu ukiwa juu.

Migomba iliyoinama tu aliiegemeza kwa miti yenye panda. Penye matairi tulilegeza udongo kwa jembe, kidogo kidogo na mbali na mashina, maana mizizi ya mgomba hutambaa karibu na juu na jembe la hasira huikata. Mizizi iliyokuwa wazi tuliifukia, tukatandaza majani makavu. Ana haraka kidogo, kwa sababu mvua za huku hukoma Mei, na chipukizi lisilojishika vizuri litateseka Juni hadi Agosti.

Lakini kilichonifanya niandike barua hii ni mambo mawili mengine.

La kwanza ni panga. Kabla ya kuhama shina moja kwenda lingine alilipitisha kwenye makaa mpaka chuma kikawa moto, na makaa yalipopoa akatumia maji ya javeli, ile dawa ya klorini. Nilifikiria nyumbani. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria unaobebwa pia na panga, ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, mwaka 2001, mwaka uleule ulioonekana Uganda, na kwetu Kagera ukathibitishwa 2006. Unakumbuka tulivyong'oa shina na watoto wake wote, shamba likabaki vishimo. Baadaye watafiti waliofanya kazi na wakulima wa huku mashariki mwa Kongo walionyesha kwamba bakteria hawafiki katika kila chipukizi la shina moja, na kwamba ukikata tu lile linaloonyesha dalili, mapema na bila kuchoka, kwa panga lililosafishwa, ugonjwa unashuka na shamba linabaki. Ila sharti ni lile la panga. Mgomba uliochanika una majeraha kila mahali, na anayekuja kuusaidia kwa chuma kichafu anaweza kufanya ubaya kuliko lori.

La pili ni miche. Siku ya pili majirani walikuja na pole, na mmoja alileta machipukizi mazuri, manene, yamefungwa kwa kamba, ili Mama apande palipoharibika. Mama alishukuru sana. Akakaa nayo kivulini, akageuza kila jani, akapitisha kidole gumba kwenye kikonyo na uti wa jani. Kwenye moja akanionyesha: mistari myembamba ya kijani cheusi, imekatikakatika, mingine mirefu mingine nukta tu. Hayakupandwa, hata yale yasiyo na alama. Aliyachoma mbele ya jirani huku akimweleza, na jirani hakukasirika, alikwenda moja kwa moja kukagua shamba lake.

Mistari ile, Shangazi, ndiyo dalili ya janga la bonde hili. Ni ugonjwa wa virusi unaofanya majani yatoke membamba, yamesimama, yenye kingo za njano, yakijirundika kileleni, na mgomba hauzai. Huku Ruzizi ulitambuliwa mwaka 1987, kwa upande wa Zaire ya wakati ule, Rwanda na Burundi. Wadudu wanaoubeba ni vidukari weusi wanaojificha kwenye maganda, lakini kwa safari ndefu mbebaji wake ni binadamu mwenye chipukizi la zawadi, na chipukizi linaweza kuonekana zima kabisa huku limeshaambukizwa. Shina lenye virusi halina dawa; linang'olewa lote.

Ndiyo maana nasema Mama ana haki ya kungoja machipukizi ya mashina yake mwenyewe. Sote tukiona pengo shambani tunakimbilia kulijaza, na aliyevunjiwa ndiye anayepokea miche ya kila mtu. Mashina yake mwenyewe anayajua tangu zamani, na hayajawahi kuonyesha dalili. Jeraha la tairi lina mwisho wake; ugonjwa wa miche hauna. Nimeona hatari hii ya miche ya zawadi haisemwi vya kutosha hata kwetu.

Alinisimulia pia kwamba vita vya 1996 vilipofika Uvira, Oktoba, alivuka ziwa na watoto, akaishi Nyarugusu, kule Kasulu, miaka mingi. Aliporudi nyumba haikuwa na bati wala mlango. Migomba ilikuwa imemezwa na magugu, imejazana kila mahali bila mtu wa kupunguza, lakini ilikuwa hai, na pombe aliyouza mwanzo baada ya kurudi ilitoka humo. Yeye haililii migomba iliyolala.

    

Sasa nakuomba shauri, maana hapa tumebishana. Kila shina limeanza kutoa maotea mengi kwa mpigo, mengine manane au tisa. Mimi nataka tupunguze mara moja tubakize matatu, mama, binti na mjukuu, kama tunavyofanya Muleba. Mama anasema mgomba uliojeruhiwa uachwe na majani yote uliyonayo mpaka mvua ziishe, ndipo achague otea lenye majani membamba yaliyochongoka na kuondoa mengine. Wewe ulifanyaje ule mwaka upepo ulipoangusha shamba la chini? Boti la Kigoma linaondoka Kalundu wiki ijayo na nahodha amekubali kupokea barua, kwa hiyo ukimpa kijana wa dukani jibu lako akalifikisha Kigoma, litanikuta bado niko hapa.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao