Hao au Hayo? Tafakuri ya Mhakiki Mbele ya Fumbo

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukutana na hoja zinazojengwa juu ya matini zinazotambulika: diwani, riwaya, tamthilia. Matini ninayokusudia kuizungumzia hapa ni duni kwa kipimo hicho. Ni chemshabongo, ule mraba wa visanduku vyeusi na vyeupe unaochapishwa magazetini. Niliujaza wote bila kosa, kisha nikaufasiri visivyo kabisa. Ninakisimulia kisa hicho kwa sababu kosa nililolitenda mbele ya mraba ule ndilo nililokuwa nikilitenda darasani kwa miaka mingi, na lilikuwa limekwisha kumgharimu mwanafunzi mmoja muhula mzima.

Chemshabongo ya kwanza ya aina hii inanasibishwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, nayo ilichapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Katika hatua hiyo ya awali ilikuwa zoezi la kutafuta visawe tu. Waingereza ndio walioigeuza kuwa fumbo kwa maana tunayoijua sisi. Edward Powys Mathers, aliyejificha nyuma ya jina la Torquemada, alianza mwaka 1926 kulitungia gazeti la The Observer vidokezo vyenye hila. Kidokezo cha namna hiyo kina sehemu mbili zilizounganishwa pasipo mshono kuonekana: moja hutoa maana ya jibu, nyingine hueleza jinsi umbo la jibu linavyopatikana. Tuchukulie kwamba mtegaji wetu ameandika: Kaza kinyume, wapate haki yao maskini. Msomaji wa haraka ataona nasaha. Mteguaji ataona kwamba neno kaza, silabi zake zikipinduliwa kama wafanyavyo watoto wa pwani katika mchezo wa kinyume, ni zaka, ambayo ni haki ya maskini katika mali ya Mwislamu mwenye uwezo.

Juu ya hila hizo, baadhi ya watunzi huongeza nyingine ambayo haitangazwi. Majibu kadhaa huchotwa katika uwanja mmoja wa maisha, na hakuna kidokezo hata kimoja kinachosema hivyo. Katika kitendawili cha kwetu, hadhira ikishindwa humpa mtegaji mji, naye akatoa jibu. Katika mraba wenye dhamira iliyofichwa hakuna anayekuuliza, hivyo waweza kuondoka ukiwa umejaza kila kisanduku usijue hata kwamba umeshindwa.

Mraba wangu ulikuwa katika gazeti la Uingereza nililoachiwa na mwenzangu aliyerejea kutoka safari. Lilikuwa toleo la Jumamosi moja ya Aprili. Tarehe hiyo niliiona nikaipuuza, mimi ambaye kila mwaka huwafundisha wanafunzi wapya kwamba muktadha wa uchapishaji ni sehemu ya matini. Nilihangaika na vidokezo kwa jioni mbili. Kisanduku cha mwisho kilipojaa, niliyatazama majibu nikahisi kwamba baadhi yake yanasemezana. Yalikuwamo Party Politics, yaani siasa za vyama. Last Suspect, mshukiwa wa mwisho. Earth Summit, mkutano mkuu wa dunia. Team Spirit, moyo wa ushirikiano. Specify, kitenzi cha kutaka jambo litajwe waziwazi. Na Murder, mauaji. Pamoja nayo yalikuwamo Papillon, Sundew na Silver Birch.

Mhakiki aliyelelewa na fasihi yetu angeona nini hapo? Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, diwani iliyotoka mwaka 1973, akiwa gerezani. Katama Mkangi aliita riwaya yake ya mwaka 1995 Walenisi, na msomaji akilikata jina hilo mahali panapostahili husikia: wale ni sisi. Katika nchi ambamo waandishi walifungwa, kutafuta siasa chini ya sitiari hakukuwa anasa ya nadharia. Kulikuwa njia ya kumsikia mtu aliyezibwa kinywa. Siijutii elimu hiyo. Hata hivyo, tabia iliyozaliwa na haja ilikwisha kuniganda, na haja yenyewe sikuwa nikiiuliza tena kama ipo.

Party Politics na Murder yalitosha kunipa dhamira. Last Suspect ikawa mahakama, Specify ikawa sauti ya mpelelezi, Team Spirit ikawa propaganda, na Earth Summit ikawa mahali ambapo wakubwa hupatana. Papillon iliniletea tabu hadi nilipokumbuka kwamba ndilo jina la kitabu cha Henri Charrière cha mwaka 1969 kuhusu magereza ya Guyana ya Kifaransa; nikaitia gerezani. Sundew ni mmea mdogo unaonasa wadudu kwa utomvu wake. Ukawa dola inayonasa raia. Ilibaki Silver Birch, mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe. Huo nilishindwa kuushtaki kwa lolote, nikaamua kwamba ni pambo.

Wakati huo Baba alikuwa amefikia kwangu kwa sababu ya miadi ya hospitali. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa saisi, mtunza farasi wa mashindano, katika mazizi yaliyokuwa nje kidogo ya Nairobi. Kiingereza chake ni kile cha zizini, na macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Nilikuwa nikiyasoma majibu kwa sauti ili niyalinganishe na vidokezo, naye ameketi karibu na dirisha akinywa chai. Nilipofika Last Suspect aligeuza kichwa. Nilipotamka Party Politics alisema, "Hao nawajua."

"Hayo, Baba," nikamwambia. "Maneno hayo unayajua."

Ninaona haya kuiandika sentensi hiyo, lakini insha hii bila sentensi hiyo ingekuwa ya uongo. Maneno yamo katika ngeli ya LI-YA, na kiashiria chake ni hayo. Hao ni kiashiria cha wenye uhai. Nilidhani mzee ameteleza kisarufi, nikamfanyia kama ninavyolifanyia daftari la mwanafunzi.

"Si maneno, mwanangu," alisema. "Hao ni farasi."

Akanieleza. Kila mwaka, siku ya mbio za Grand National, tajiri wao aliwaruhusu masaisi kukusanyika karibu na redio. Majina ya farasi yaliandikwa kwenye vikaratasi yakatiwa kofiani. Kila mtu alichanga shilingi chache na kuchomoa jina lake. Mwaka 1985 Baba alichomoa Last Suspect, farasi asiyetarajiwa, aliyekuwa na dau la 50 kwa 1. Farasi huyo alishinda. Fedha za kofia, pamoja na bakshishi ya wageni wa tajiri, zilinunua mabati ya nyumba niliyokulia. Nililala chini ya jibu hilo utoto wangu wote, na lilipokuja mbele yangu kwa herufi kubwa sikulitambua. Sikuwahi kumwuliza mabati yale yalitoka wapi. Nikiulizwa na wenzangu habari za nyumbani, nimezoea kujibu kwamba baba yangu alifanya kazi Nairobi, kisha nikabadilisha mazungumzo.

Grand National hukimbiwa Aintree, katika Liverpool ile ile alikozaliwa Wynne, na kwa kawaida huwa Jumamosi ya mwezi wa Aprili. Farasi hukimbia zaidi ya maili 4 na kuruka viunzi 30. Washindi wake huhesabiwa tangu mwaka 1839. Mtegaji wangu alikuwa amewatawanya mrabani: Sundew wa 1957, Team Spirit wa 1964, Specify wa 1971, Last Suspect wa 1985, Party Politics wa 1992, Earth Summit wa 1998, Papillon wa 2000 na Silver Birch wa 2007. Baba aliwajua wa miaka yake ya kazi. Wengine niliwathibitisha baadaye. Mti wangu mweupe, lile pambo, ulikuwa farasi kama wenziwe.

Nilipomtajia Murder alitikisa kichwa. "Huyo simjui. Hakuna farasi wa jina hilo." Hapo ndipo elimu yangu ilipopata kazi ya kufanya. Kwa kuwa sasa niliujua uwanja, nililisoma neno kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama kaza na zaka, ila safari hii herufi kwa herufi. Likawa Red Rum. Nilipolitamka, Baba aliweka kikombe chini. Red Rum alishinda mwaka 1973, 1974 na 1977, na hakuna farasi mwingine aliyeshinda mbio hizo mara tatu. Alipokufa mwaka 1995 alizikwa pale pale Aintree, kando ya nguzo ya ushindi. Hayo yote Baba aliyajua. Asilolijua ni kwamba jina hilo lingeweza kufichwa ndani ya mauaji.

Kisa hiki kina mambo mawili ambayo naona yanatuhusu sisi wahakiki. La kwanza ni lile jibu nililoliita pambo. Ufasiri wangu ulieleza majibu manane kati ya tisa, na katika semina zetu ungepongezwa. Lakini wingi huo haukuwa ushahidi. Mbinu inayoweza kuugeuza mmea unaonasa wadudu kuwa dola haijathibitishwa na mmea huo. Ingeweza vilevile kumgeuza mdudu. Ushahidi ulikuwa katika kile kilichokataa kugeuka. Kila ufasiri huacha mabaki, nasi tuna majina ya heshima ya kuyafunikia: pambo, urembo wa fani, udhaifu wa mtunzi. Yamkini ingefaa tuanzie hapo.

Hatari ya kusoma kwa hofu si yetu peke yetu. Katika majuma ya kabla ya majeshi kutua Normandy tarehe 6 Juni 1944, majina ya siri ya operesheni hiyo, yakiwemo Utah, Omaha na Overlord, yalitokea katika chemshabongo za Daily Telegraph. Mtunzi, mwalimu aitwaye Leonard Dawe, alihojiwa na maafisa wa usalama. Hakuwa jasusi. Maafisa wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na sababu ya kushuku, kama sisi tulivyokuwa nayo. Kwa upande mwingine, mwezi Januari 2013 John Graham, aliyetunga katika The Guardian kwa jina la Araucaria, aliwaarifu wasomaji wake kupitia fumbo kwamba ana saratani ya umio. Alifariki Novemba mwaka huo. Siri huweza kuwamo kweli, na huweza kuwa nzito. Si lazima iwe ile tunayoiogopa.

La pili ni kwamba ujuzi wa uwanja na ujuzi wa fani huhitajiana. Bila Baba nisingemtafuta Red Rum. Bila kinyume Baba asingempata. Wala siasa haikukosekana. Party Politics alishinda tarehe 4 Aprili 1992, siku 5 kabla ya uchaguzi mkuu wa Uingereza, na Baba anaukumbuka mwaka huo kwa sababu mwezi Desemba sisi nasi tulipiga kura ya vyama vingi. Siasa ilikuwamo, ila ilipitia kwa farasi. Jijini Nairobi kwenyewe, Barabara ya Racecourse karibu na Kariokor ingali na jina la uwanja wa zamani wa mbio, uliohamishiwa Ngong Road mnamo 1954. Watu huitamka kila siku kuwaelekeza wageni, na hakuna farasi anayepita katika mawazo yao.

Narudi kwa mwanafunzi. Miezi michache kabla ya jioni ile, alikuwa ameniletea sura ya tasnifu yake ya uzamili kuhusu shairi la mvuvi na dema lake. Yeye ni mtoto wa wavuvi. Aliandika kwa kirefu jinsi dema linavyosukwa, linavyotegwa, na jinsi bamvua linavyobadili mahali pa kulitega. Niliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Haya ni maelezo ya uvuvi. Dema ni dola. Uhakiki uko wapi?" Alitii. Sura aliyoileta mwisho wa muhula ilikuwa na dola katika kila ukurasa, na samaki hakuwamo.

Baada ya Baba kurudi nyumbani nilimwomba mwanafunzi huyo anipe tena ile sura ya kwanza. Alikuwa bado nayo. Nimeisoma upya, safari hii kwa penseli. Katika ukurasa wa sita anaeleza kwamba samaki huingia demani kwa hiari yake, akifuata chambo, na akishaingia huendelea kuiona bahari yote kupitia matundu, ila mlango alioingilia haujui tena. Ikiwa dola imo katika shairi lile, basi imo hapo. Mimi nilikuwa nimeifuta pamoja na samaki.