Mzigo wa Mpiga Picha

Uzito wa vifaa vya mpiga picha hutokana zaidi na lenzi kuliko kamera. Bodi ya kamera ya kazi, ikiwa na betri na kadi yake, huwa kati ya nusu kilo na kilo moja na nusu, na mkono huizoea. Lenzi ndiyo inayoamua begi litakuwa na uzito gani, na sababu iko kwenye kipenyo. Lenzi ya milimita 400 yenye tundu la f/2.8 inahitaji kioo cha mbele chenye upana wa karibu milimita 143. Ya milimita 400 yenye f/5.6 inatosheka na nusu ya upana huo. Kioo kikipanuka mara mbili kwa umbo lile lile, uzito wake huongezeka mara nane. Ndiyo maana lenzi ya Canon EF ya 70-200 yenye f/2.8 ina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na ile ya f/4 karibu nusu yake. Anayetaka kupiga gizani hulipia mwanga huo kwa gramu, na gramu hizo atazibeba hata mchana kweupe.

Mwandishi wa makala haya aliingia kwenye kazi ya picha mwishoni mwa miaka ya 1980, katika chumba cha habari cha gazeti moja Dar es Salaam, wakati mzigo ulikuwa mwepesi kwa sababu vifaa vyenyewe vilikuwa vichache. Nikon FM2, iliyotoka mwaka 1982, ilikuwa na uzito wa gramu 540 bila lenzi. Shata yake ilikuwa ya mitambo, kwa hiyo betri ikifa kamera iliendelea kupiga, na hapakuwa na chaja ya kubeba. Lenzi ya milimita 50, lenzi pana ya 28, flashi ya betri nne na filamu chache alizogawiwa na mhariri vilijaa kwenye mfuko wa turubai na kubaki na nafasi ya daftari. Mpiga picha aliweza kupanda daladala lililojaa, kushuka Kariakoo, kutembea hadi Mnazi Mmoja na kurudi ofisini kwa miguu bila kuhisi kwamba amebeba kitu.

Wepesi huo ulikuwa umetafutwa kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani C. G. Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akitumia kamera za sahani za kioo na mwanga wa kulipuka. Mzigo wake ulikwenda kwa msafara wa wapagazi. Picha zilizomletea sifa huko Ulaya zilifika huko kwa vichwa na mabega ya watu ambao majina yao hayakuandikwa chini yake, na historia ya upigaji picha Afrika Mashariki haina budi kuwahesabu. Huko Wetzlar, Ujerumani, fundi Oskar Barnack wa kampuni ya Leitz alikuwa na pumu na hakuweza kupanda vilima na kamera kubwa. Akatengeneza kamera ndogo ya kutumia filamu ya sinema ya milimita 35, nayo ikaanza kuuzwa kwa jina la Leica mwaka 1925. Kamera zote za magazeti alizozishika mwandishi zilifuata kipimo hicho cha filamu.

Dijitali iliporuhusu picha nyingi, ilirudisha uzito. Kufikia mwaka 2012 seti ya kawaida ya mpiga picha wa habari na sherehe ilikuwa bodi mbili za aina ya Canon 5D Mark III, kila moja gramu 950, lenzi ya 24-70 ya gramu 805, ile ya 70-200, flashi, betri za akiba, kompyuta mpakato na chaja zake. Jumla inafika kilo saba bila shida. Kisha kuna begi lenyewe, ambalo wengi hawalipimi. Begi la mgongoni lenye kuta nene za sponji na fremu laweza kuzidi kilo mbili likiwa tupu, na kila mfuko wake wa pembeni ni kishawishi cha kutia kitu kimoja zaidi. Mwandishi alianza kutumia mizani ya kuning'iniza, kama ya wauza samaki, kupima begi jioni kabla ya kazi. Namba inayosomeka kwenye mizani humfanya mtu aulize ni picha gani hasa anayokwenda kuipiga, na swali hilo hupunguza mzigo kuliko ununuzi wa kifaa kipya.

Madhara ya uzito huanzia miguuni na machoni, kabla mgongo haujalalamika. Katika harusi ya Dar es Salaam kazi huanza saluni mchana, ikaenda msikitini au kanisani, ikapita ufukweni kwa picha za maharusi, na kuishia ukumbini usiku wa manane. Mpiga picha aliyebeba kamera mbili tangu saluni bado hufanya kazi vizuri bi harusi anapoingia ukumbini. Mabadiliko huonekana baadaye. MC anapotangaza shampeni, mpiga picha anaipiga akiwa amesimama. Ndafu inapoletwa, na wapishi wakicheza nayo katikati ya meza, anabaki pale alipo na kuvuta lenzi badala ya kusogea. Hainami tena kupata uso wa mtoto aliyeshika mkia wa gauni, wala hapandi ngazi kuona ukumbi mzima. Albamu ikikamilika, picha zote za saa mbili za mwisho ziko kwenye kimo cha macho ya mtu mzima aliyesimama. Mteja hatajua kilichokosekana, lakini kimekosekana, na kilikuwa haki yake.

Mzigo usioweza kupunguzwa unapaswa kuwekwa mahali sahihi mwilini. Mkanda wa shingoni ndio mbaya kuliko yote: uzito wote hukalia mifupa midogo ya shingo, na kamera hubembea tumboni mtu anapotembea. Mkanda mpana unaovuka kifua kutoka bega moja hadi nyonga ya upande wa pili ni bora. Afadhali zaidi ni mikanda miwili iliyounganishwa mgongoni, inayogawa kamera mbili kwa mabega yote. Kwa mwendo mrefu hakuna kinachoshinda begi lenye mkanda wa kiunoni uliokazwa vizuri juu ya mifupa ya nyonga, kwa kuwa nyonga na mapaja ndiyo yaliyoumbwa kubeba. Ndani ya begi, lenzi nzito zaidi hukaa karibu na uti wa mgongo. Ikiwekwa upande wa nje huuvuta mwili nyuma, na mtu hulazimika kuinama mbele siku nzima. Wakati wa kupiga, mkono wa kushoto hushika lenzi kwa chini na viwiko hubana mbavu. Kamera ya kilo mbili iliyo mbali na kifua huchosha bega upesi zaidi kuliko ya kilo tatu iliyobanwa mwilini.

Uwanja wa mpira una namna yake. Kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, wapiga picha hukaa nyuma ya mabango kwenye kingo za uwanja, na mechi ya Simba na Yanga huwashikilia hapo tangu jua kali la alasiri. Lenzi ya 400 yenye f/2.8 hufungwa kwenye monopodi, mguu mmoja unaoshika uzito wote huku ukiiacha lenzi igeuke kwa wepesi. Mzoefu huketi kwenye kigoda kifupi, mguu wa monopodi ukiegemea chini mbele kidogo ya goti lake, na kamera ya pili yenye lenzi fupi ikilala juu ya paja la kulia. Mshambuliaji akivunja mtego na kuja langoni, lenzi kubwa huachwa iegemee bega, mkono wa kulia huokota ile ya pajani, na macho hayatoki uwanjani. Hapo uzito haujapungua hata gramu moja. Umekabidhiwa ardhi, na mikono imebaki huru kwa lile tukio la sekunde mbili.

Kwenye gari la kitalii tripodi haina nafasi. Kinachotumika ni mfuko wa maharage, unaolazwa juu ya ukingo wa paa lililoinuliwa au dirishani ili lenzi itulie juu yake. Mfuko husafiri ukiwa mtupu na kujazwa Arusha au Karatu kwa maharage au mchele wa dukani. Safari ikiisha, chakula hicho huachiwa dereva au wapishi wa kambi. Dereva huombwa azime injini, maana lenzi ndefu hutetemeka nayo hata ikiwa imelala juu ya mfuko mzuri.

Ndege ndogo zinazokwenda viwanja vya mbugani kama Seronera au Kogatende huweka mpaka mkali kuliko mgongo. Kwa kawaida abiria huruhusiwa kilo 15 katika mifuko laini, na hesabu hiyo hujumuisha begi la mkononi. Mpiga picha anayefuata nyumbu kwenye Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba, huanza hesabu kwenye nguo. Jozi mbili za nguo zinazofuliwa kambini humwachia kilo tatu au nne za vioo. Betri za akiba za lithiamu hukaa kwenye begi la mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, kwa sababu kanuni za usafiri wa anga haziruhusu betri za akiba ziende na mizigo ya chini. Koti lenye mifuko mikubwa hubeba lenzi moja au mbili bila kuonekana kwenye mizani ya begi. Hata hivyo kampuni nyingine humpima abiria pamoja na mzigo wake, na kwenye ndege ndogo ni haki yao.

Mlima Kilimanjaro hauna mjadala. Usiku wa mwisho huanza karibu saa sita kutoka kambi ya Kibo, kwenye kimo cha kama mita 4,700, hadi Uhuru kwenye mita 5,895, na kila gramu hupandishwa kwa pumzi. Bodi moja na lenzi moja ya kati hutosha. Betri hulala mfuko wa ndani ya nguo, kwa kuwa baridi hupunguza nguvu yake, na iliyoonekana kuisha mara nyingi huamka ikipata joto la mwili. Tripodi na lenzi ndefu hubaki chini. Wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, hupimiwa mizigo langoni ili isizidi kilo 20. Kumwongezea mmoja wao lenzi kimyakimya baada ya lango ni dhuluma, na mwandishi aliwakataza wanafunzi wake jambo hilo waziwazi.

Mji Mkongwe wa Zanzibar unadai kinyume cha mbuga. Vichochoro ni vyembamba, na begi la mgongoni hugonga wapita njia kila mtu anapogeuka. Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe, watu hubanana jukwaani. Kamera ndogo yenye lenzi ya milimita 35, pamoja na nyingine moja mfukoni, hufanya kazi nzuri kuliko seti nzima, na watu hawamwoni mwenye nayo kama mgeni aliyekuja na mitambo.

Teknolojia imesaidia kweli, hasa kwenye lenzi kubwa. Lenzi ya Canon ya 600 yenye f/4, iliyokuwa na gramu 5,360 katika toleo la mwaka 1999, ilishuka hadi 3,920 na kisha 3,050 mwaka 2018, baada ya mafundi kusogeza vioo vizito nyuma karibu na bodi. Kamera zisizo na kioo cha ndani zilipunguza bodi: Sony a7 ya mwaka 2013 ilikuwa na gramu 474 ikiwa na betri. Lakini betri hiyo iliisha upesi, na wenye kamera hiyo walitembea na betri nne au tano. Lenzi nyingine zenye tundu kubwa kwa sensa ile ile hazikupungua kwa kiasi hicho, kwa kuwa sheria ya kipenyo haikubadilika. Anayetaka nafuu ya kweli hupata sensa ndogo zaidi pamoja na lenzi zake, au hukubali f/4 na kuongeza ISO.

Kwa harusi, seti ya mwandishi katika miaka ya mwisho ya kazi ilikuwa bodi mbili ndogo, lenzi ya 35, ya 85, flashi mbili na betri zake, jumla chini ya kilo nne. Bodi ya pili haikuondolewa kamwe, kwa kuwa ndoa haifungwi mara ya pili kwa sababu kamera imegoma. Stendi za taa zilitangulia ukumbini kwa bajaji pamoja na msaidizi, zikafungwa kwenye pembe mbili kabla wageni hawajaingia, na kubaki hapo hadi mwisho. Msaidizi alilipwa siku nzima, na begi lake lilipimwa jioni ya kuamkia kazi kwenye mizani ile ile, likipunguzwa mpaka lilingane na la mwenye kazi.