Kijana, Umekula?

Kuna mama mmoja Zimmerman ambaye alinifungulia mlango nikasahau ninauza nini.

Nilikuwa nimepanda ngazi hadi ghorofa ya nne, kadi ya kazi shingoni, karatasi za matangazo mkononi. Nikaanza, "Habari yako mama, naitwa..." halafu kimya. Mikono ilikuwa inatetemeka. Hakuniuliza nimeleta nini. Aliniuliza, "Kijana, umekula?"

Ilikuwa saa tisa mchana. Tangu asubuhi nilikuwa na kopo moja la kinywaji cha nguvu na smokie moja ya hapo steji. Mathe alikuwa ananiuliza swali hilo hilo kwa simu kila jioni na nilikuwa namjibu "eeh" bila kupepesa macho. Lakini mtu akikuuliza ana kwa ana na unatetemeka, uongo unakataa kutoka.

Alinipa chai na mkate. Hakununua kitu.

Ukiacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kazi ya mauzo ndiyo inakupokea bila maswali mengi. Mimi nilikuwa nauza intaneti ya nyumbani, mlango kwa mlango. Hakuna mshahara, ni kamisheni. Mteja akiwekewa, unalipwa. Asipowekewa, nauli ni yako, soja wa geti aliyekufukuza ni wako, na jua ni lako. "Hapana" ya kwanza unaimeza vizuri tu. Ya ishirini inaanza kusikika kama wanakukataa wewe mwenyewe, si intaneti.

Jioni saa kumi na mbili, supavaiza anaweka majina na namba kwa kundi la WhatsApp. Mwenye sifuri anawekewa emoji ya yai. Watu wazima, manze, tunachekewa na yai. Saa tano usiku tena ujumbe: "Kesho unafunga ngapi?" Nilikuwa nalala simu ikiwa kifuani, yaani nalala nikiwa kazini.

Sikubadilika siku ile, hii si ushuhuda. Nilijaribu kwanza zile ushauri za mtandaoni, ati amka saa kumi na moja ukimbie. Buda, mtu amepanda ngazi za ploti kumi jana, akimbie tena akitafuta nini? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mimi nilikuwa namaliza hizo kabla ya Jumatano. Miguu yangu ilikuwa sawa. Shida ilikuwa tumbo na usingizi.

Nikaacha kopo la jioni. Kafeini huchukua kama saa tano ndio nusu yake itoke mwilini, kwa hivyo ile ya saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu bado iko doria. Asubuhi nikaanza kutoka kejani nimekula viazi vitamu na chai. Saa saba nakaa chini kwa kibanda, githeri mbele yangu, simu mfukoni.

Wiki ya kwanza nilikaa na hatia. Dakika thelathini ni milango mingapi hiyo? Halafu nikafikiria vizuri: mchana nani yuko nyumbani? Mwenye pesa ya intaneti yuko kazini. Anayefungua ni dada wa kazi, na yeye hawezi kuamua. Yaani nilikuwa najiua kwa jua nikiuza kwa watu ambao hawapo! Nikahamisha nguvu zangu hadi saa kumi na moja jioni, watu wakirudi. Nilikuwa nafika nimeshiba, na sauti haitetemeki.

Saa tatu usiku nazima data. Supavaiza hakupenda. Jumapili pia nikakataa kutoka. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba, lakini karatasi yangu ilisema mimi ni "wakala", si mwajiriwa, kwa hivyo hiyo Jumapili nilijipa mwenyewe. Nafua nguo, napigia mathe, nalala mchana kama mzee.

Msiniulize kama niliongoza ile orodha. Nilipanda kutoka nyumba sita kwa mwezi hadi nane, na yai nililipata tena mara kadhaa. Githeri haiwezi kukupa mshahara ambao kampuni imekataa kukupa. Lakini nilikuwa nalala, na yai likija halinifuati hadi kitandani.

Baada ya wiki kadhaa nilipita tena kwa yule mama. Bado hakutaka intaneti, ati bando za simu zinamtosha. Akauliza tena kama nimekula. Nikafungua begi, nikamwonyesha ndizi mbili, akacheka sana. Nikamwachia moja.