Mdomo wa Klarineti

Klarineti ni zumari ya kigeni, lakini mwili wake aghalabu ni mpingo, mti uotao Kilwa na Nachingwea. Gogo huondoka pwani hii likarudi chombo, na bei yake haisemeki. Mdomo wake, hata hivyo, si wa mti huo. Kipande hicho kiingiacho kinywani, ambacho utete hufungwa chini yake, hufanywa kwa eboniti, yaani mpira uliopikwa pamoja na salfa hata ukawa mgumu. Mpuliza zumari hukata utete wake mwenyewe, akautia wote kinywani, akajaza mashavu pumzi. Mpuliza klarineti sharti anunue.

Mtu wa Tabata apigaye klarineti harusini Jumamosi na kanisani Jumapili hupanda basi, akapita Buguruni, akafika Kariakoo na akiba ya miezi mfukoni. Au humwagiza msafiri. Akipata mdomo hujaribu sauti za chini, akasikia unene na utamu, akalipa. Kosa la wengi ni hilo. Jumamosi hukaa kando ya kinanda cha umeme, nacho hakisikilizi mtu: noti yake ya A hutetemeka mara 440 kwa sekunde, jua liwake au mvua inyeshe. Klarineti yapanda juu yake. Waimbaji hawajui wamfuate nani, na mama wa bibi arusi, ambaye hajui jina la kasoro hiyo, hukunja uso.

Sababu ni mbili. Kiwanda cha Vandoren cha Ufaransa hulinganisha midomo yake mingi na 442, na ile iitwayo 13 Series, iliyokusudiwa Marekani, na 440. Ya pili ni joto. Kila nyuzi moja ya joto huongeza mwendo wa sauti hewani kwa mita 0.6 hivi kwa sekunde, na chombo hupanda nayo. Vitabu vya mafundisho viliandikwa vyumbani mwenye nyuzi 20. Dar es Salaam mchana wa Januari hupita 30.

Wapigaji huvuta kiungo kilicho chini ya mdomo ili klarineti irefuke. Dawa hiyo huponya nusu. Noti za koo, zitumiazo kipande kifupi cha bomba, hushuka kupita kiasi, na zile za bomba refu husalia juu. Ugomvi umehamishwa tu.

Upo pia uwazi wa ncha. Mdomo wa 5RV una milimita 1.065, na B45 una 1.195, tofauti haizidi sana unene wa karatasi. Lakini uwazi mkubwa hutaka utete laini, na utete laini hutii taya: wimbo wa huzuni hupindika vizuri, na mpigaji aliyechoka huuma, noti ikapanda. Uwazi mdogo na utete mgumu hushika noti, ingawa hukauka kidogo.

Basi lipi litangulie? Utamu wa sauti kwa sehemu kubwa hutoka katika midomo, koo na pumzi za mtu, naye baada ya majuma machache huupata tena karibu ule ule kwa mdomo wowote ulio mzima. Lakini mdomo uliolinganishwa na 442 hauwezi kufundishwa. Yafaa ujaribiwe kando ya kinanda, kwa nguvu kisha polepole, kwa maana klarineti hushuka ipulizwapo kwa nguvu na kupanda inong'onapo; na ujaribiwe saa nane mchana, si alfajiri.